Kijiti Tulichokiangusha Baada ya Munich

Neno likirudiwa mara nyingi hugeuka imani, na imani ikikaa muda mrefu hugeuka sheria ambayo hakuna aliyeitunga wala aliyeipigia kura. Katika nchi yetu mna neno moja la namna hiyo, nalo husikika kila Michezo ya Olimpiki inapokaribia: kwamba sisi Wakenya ni watu wa mbio ndefu. Watangazaji hulisema, wazazi hulikariri, na walimu wa michezo shuleni hulitumia kama kipimo cha kumchagulia mtoto shindano. Ni neno la fahari, na halikosi msingi. Hata hivyo, kila fahari ina kivuli chake. Mtoto aliyejaliwa miguu ya kasi, azaliwe Kisii, Kilifi au Kitui, huambiwa kwa neno hilo hilo kwamba kipawa chake si cha kwao, na kwamba akitaka kulitumikia taifa itampasa ajifunze kukimbia polepole kwa muda mrefu.

Katika makala haya nakusudia kulipima neno hilo kwa kutumia mbio moja tu. Mbio zenyewe ni zile za wanaume za kupokezana kijiti, ambapo wanariadha wanne hukimbia mita 400 kila mmoja. Na siku yenyewe ni tarehe 10 Septemba 1972, katika uwanja wa Olimpiki mjini Munich.

Jioni hiyo Kenya iliwakilishwa na Charles Asati katika zamu ya kwanza, Nyamau katika zamu ya pili, Robert Ouko katika zamu ya tatu, na Julius Sang katika zamu ya mwisho. Ujerumani Magharibi ilikuwa ikikimbia mbele ya watu wake, na zamu ya mwisho ilipoanza ndiyo iliyokuwa ikiongoza. Kijiti chake kilikuwa mkononi mwa Karl Honz, aliyekuwa na rekodi ya Ulaya ya mita 400. Honz alitoka kwa kishindo, akaitumia nguvu yake yote katika nusu ya kwanza ya mzunguko kana kwamba hapakuwa na nusu ya pili. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kutangulia si kufika. Walipoingia mita za mwisho Mjerumani huyo miguu ilimwia mizito, na Sang, aliyekuwa amejiwekea akiba, akampita. Kenya ilimaliza kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Uingereza ikafuata kwa dakika 3 na sekunde 0.46, Ufaransa ikawa ya tatu, nao Wajerumani wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Yupo atakayesema kwamba dhahabu ile ilikuwa rahisi kwa kuwa Marekani haikuwapo. Hoja hiyo ina ukweli wake, na si vyema kuificha. Vincent Matthews na Wayne Collett, walioshika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 400, walikuwa wamepigwa marufuku na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa jinsi walivyosimama jukwaani wimbo wa taifa lao ulipokuwa ukipigwa. Mwenzao John Smith alikuwa ameumia. Marekani ikashindwa kuwapata watu wanne. Lakini tuulizane: ni nani aliyesimama jukwaani pamoja na Matthews na Collett katika mita 400? Ni huyo huyo Julius Sang, aliyetwaa shaba kwa sekunde 44.92. Aidha, miaka minne kabla ya hapo, mjini Mexico City, Wamarekani walipokuwapo wote na wakaweka rekodi ya dunia ya dakika 2 na sekunde 56.16, timu iliyowafuata ilikuwa Kenya. Siku hiyo walikimbia Daniel Rudisha, Nyamau, Naftali Bon na Asati, wakamaliza kwa dakika 2 na sekunde 59.64. Kwa hiyo ushindi wa Munich haukuwa embe lililoangukia mapajani mwa aliyelala. Ulikuwa tunda la mti uliokuwa ukimwagiliwa maji kwa miaka.

Hebu sasa tuitazame orodha nzima ya nishani za riadha tulizopata Munich. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na fedha katika mita 1,500. Ben Jipcho alipata fedha nyuma ya Keino. Mike Boit alipata shaba katika mita 800. Sang alipata shaba katika mita 400, na hatimaye wale wanne wakapata dhahabu ya kijiti. Basi. Katika mita 5,000 hatukupata kitu. Katika mita 10,000 hatukupata kitu. Katika marathoni hatukupata kitu. Mgeni ambaye angefika duniani mwaka huo na kuisoma orodha hiyo angesema kwamba Wakenya ni watu wa mbio fupi na za kati, na kwamba umbali unaozidi mita 3,000 hauwafai.

Turudi nyuma zaidi. Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hakuwa mkimbiaji wa masafa marefu. Alikuwa Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, ambaye mwaka 1962 huko Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220. Naye Wilson Kiprugut, aliyetuletea nishani ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo, aliipata katika mita 800. Misingi ya nyumba hii, basi, iliwekwa na watu wenye kasi. Ghorofa za masafa marefu zilijengwa baadaye, zikawa ndefu na nzuri mno, hata tukasahau chini pana nini.

Mimi kazi yangu ni lugha, na hapa naomba msomaji aniruhusu niingie kidogo katika ufundi wangu, kwa maana naamini sehemu ya tatizo imo mle. Kauli "sisi ni watu wa mbio ndefu" imejengwa juu ya kishirikishi "ni". Kishirikishi hiki hakibebi wakati. Hakisemi lini jambo lilianza, wala hakidokezi kwamba laweza kukoma. Tungesema "tumekuwa tukishinda mbio ndefu", kitenzi kingetulazimisha tuulize: tangu lini? Kwa sababu gani? Kwa juhudi za nani? Lakini tukishasema "ni", maswali yote hufungiwa nje. Historia hugeuzwa maumbile, na mambo yaliyotokana na uamuzi wa watu, fedha za watu na jasho la watu huonekana kama yametoka tumboni mwa mama. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyotunyima nishani. Nasema kwamba ilitupatia mahali pa starehe pa kulalia usingizi.

Kiswahili hicho hicho, hata hivyo, kina neno liwezalo kutuamsha, nalo ni jina la mbio zenyewe. Ninapofundisha unyambulishaji wa vitenzi huwa napenda kulitumia neno "kupokezana". Lina ukoo wa kushangaza. Kamusi zinatupa "poka" na "pokonya", yaani kunyang'anya. Kisha tuna "pokea", kutwaa unachopewa. Ukilisogeza hatua moja zaidi unapata "pokeza", kumfanya mwenzako apokee. Na ukiongeza kiambishi cha kutendana unapata "pokezana", kufanyiana hivyo kwa zamu. Angalia basi jinsi lugha yetu ilivyolipima tendo hili. Haikuridhika na kutoa. Aliyenyoosha mkono hajamaliza kazi yake hadi mwenzake awe amekishika kijiti barabara. Kutoa bila kupokelewa si kupokezana.

Kanuni za mchezo zinakubaliana na lugha. Kijiti ni kirungu chepesi kisichozidi urefu wa sentimita 30. Katika mbio hizi kinapaswa kubadili mikono ndani ya eneo la mita 20, na waamuzi hawatazami miguu ya wanariadha. Hutazama kijiti kiko wapi. Kikianguka, aliyekiangusha ndiye anayepaswa kukiokota. Tena kuna tofauti moja kubwa kati ya mbio hizi na zile za mita 100 mara nne. Katika zile fupi, mpokeaji hunyoosha mkono nyuma bila kutazama, kwa kuwa yule anayemletea bado ana kasi na mahesabu yao yamepimwa mazoezini. Katika zile za mita 400, anayeleta kijiti amechoka kupita kiasi. Mapaja yanawaka moto na hatua zinamyumba. Kwa hivyo mpokeaji hugeuza uso akamtazama, akakadiria nguvu zilizombakia, kisha akakitwaa kijiti mwenyewe. Kijana hawezi kukipokea kijiti hiki bila kumtazama aliyemtangulia.

Siku moja, nikiwa katika somo hilo, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akasema: "Mwalimu, mfano ni mzuri, lakini hizo mbio si zetu. Sisi hatujawahi kuzishinda." Nilimtajia Munich. Darasa zima lilinyamaza. Walikuwa vijana werevu, waliomaliza shule za sekondari kwa alama za juu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kulitaja jina moja kati ya yale manne. Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyempokeza.

Kijiti kilianguka wapi? Hakikuangukia Munich, wala hakikuangushwa na wale wanne. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kenya ilishinda mbio hizi mwaka 1970 mjini Edinburgh, ikazishinda tena mwaka 1974 mjini Christchurch, na ikazishinda mara ya tatu mwaka 1978 mjini Edmonton. Asati mwenyewe alikuwa bingwa wa mita 400 wa Jumuiya hiyo mwaka 1970 na 1974. Kwa hiyo vipawa havikukauka. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1976 Kenya, pamoja na mataifa mengine mengi ya Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Na mwaka 1980 ikasusia ile ya Moscow. Sikusudii kuuhukumu msimamo wa 1976, ambao ulikuwa wa haki na wa heshima. Lakini haki nayo ina gharama yake, na gharama hii ililipwa na wakimbiaji. Kuanzia 1972 hadi 1984 ni miaka 12. Mkimbiaji wa mita 400 hana miaka 12. Kizazi kilichoshinda Edmonton kilifika katika eneo la kupokezana kikakuta hapana aliyesimama, kikapita na kijiti chake mkononi.

Tuliporejea, macho ya dunia na ya wafadhili yalikuwa yamehamia kwingine. Mbio za barabarani zilianza kulipa, marathoni za miji mikubwa zikawa na zawadi nono, na mawakala wakaja kuwatafuta vijana wa masafa marefu. Hakuna wakala aliyekuja kutafuta kijiti, kwa kuwa kijiti hakina zawadi ya kugawana. Ni mali ya taifa. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1993, katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Stuttgart, Kennedy Ochieng, Simon Kemboi, Abednego Matilu na Samson Kitur walitwaa nishani ya fedha kwa dakika 2 na sekunde 59.82. Waliowashinda ni Wamarekani, walioweka siku hiyo rekodi ya dunia ya dakika 2 na sekunde 54.29. Kitur alikuwa pia mshindi wa shaba ya mita 400 katika Olimpiki ya Barcelona mwaka uliotangulia. Hayo yote yalitokea katika nchi iliyokuwa imekwisha kujiaminisha kwamba mbio hizi si zake. Mtu akiyatafakari, ataona kwamba kila tulipowapata wanne walioandaliwa, tulishinda au tulikaribia kushinda. Penye maandalizi "maumbile" hayakutuzuia.

Na sasa nifike Tokyo, mwezi Septemba 2025, katika ubingwa wa dunia. Baada ya vurumai kutokea katika eneo la kupokezana wakati wa mchujo, iliamuliwa kwamba Marekani na Kenya zirudi uwanjani zikimbie peke yake, timu mbili tu, kuwania nafasi moja iliyobaki katika fainali. Lilikuwa jambo adimu. Marekani ikashinda, nasi tukaishia hapo. Katika fainali, mvua ikinyesha, Marekani hiyo hiyo ilipitwa katika mita za mwisho na timu ya Kiafrika. Busang Kebinatshipi wa Botswana alivuka utepe kwa dakika 2 na sekunde 57.76; Marekani na Afrika Kusini zikafuata zote kwa dakika 2 na sekunde 57.83. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo nchi ya Afrika iwe bingwa wa dunia wa mbio hizi kwa wanaume.

Botswana ina watu takriban milioni 2 na nusu. Kenya, kwa hesabu ya sensa ya 2019, ina zaidi ya milioni 47. Je, Mungu amewapendelea Watswana miguu? La. Ukiichunguza safari yao utaona kupokezana kwenyewe. Mwaka 2011 Amantle Montsho alikuwa bingwa wa dunia wa mita 400 kwa wanawake, akawaonyesha wenzake kwamba yawezekana. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, wanaume wao walipata shaba ya kijiti, wakiwa na mkongwe Isaac Makwala na kijana Bayapo Ndori. Mwaka 2024 mjini Paris, Makwala akiwa amekwisha kutoka, Ndori alikuwa bado yupo, na wakapata fedha kwa kupitwa na Marekani kwa sehemu kumi ya sekunde. Mwaka 2025 Ndori alikuwapo tena, nao wakapata dhahabu. Shaba, fedha, dhahabu: hatua tatu, na katika kila hatua kulikuwa na mkono wa mkubwa uliomfikia mdogo kabla haujalegea. Hiyo si bahati. Huo ni mpango.

Wa kwetu wale wa 1972 nao walikuwa na mpango nyuma yao. Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central, chini ya kocha Leroy Walker, mtu aliyeijua kasi kama seremala ajuavyo mbao. Palikuwa na mwalimu, palikuwa na njia ya kukimbilia iliyopimwa, palikuwa na wenzao wa kushindana nao kila wiki. Kijana wetu wa leo mwenye kasi ana nini? Katika kaunti nyingi hana uwanja wenye sakafu inayofaa. Hujifunza kukata kona kwenye nyasi au vumbi, kisha siku ya uteuzi wa taifa huletwa Nairobi akakanyaga sakafu ambayo mguu wake hauifahamu. Mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kuandaliwa na barabara ya murram na kilima. Wa mita 400 hawezi. Huo ndio ukweli wa gharama ambao neno "sisi ni watu wa mbio ndefu" linauficha: mbio ndefu hazikuhitaji serikali ijenge kitu.

Msomaji asinielewe visivyo. Sitaki masafa marefu yapuuzwe. Aachaye mbachao kwa msala upitao hujuta baadaye. Wala sidai kwamba hakuna dalili njema. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, na mwaka 2022 akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola, miaka 60 baada ya Antao. Nicholas Bett, marehemu sasa, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2015. Lakini hao ni watu mmoja mmoja waliopasua ukuta kwa vichwa vyao. Kijiti hakishindwi na mtu mmoja. Kinahitaji wanne, na nyuma ya wanne kinahitaji ishirini wanaowasukuma.

Ninalolipendekeza ni dogo. Katika kila mashindano ya shule za nchi hii, mbio za kijiti huwekwa mwisho wa siku. Hapo wanafunzi wote husimama, walimu huacha viti vyao, na hata wapishi hutoka jikoni. Hamu ipo tayari; haihitaji kununuliwa. Kila kaunti na ijenge njia moja nzuri ya mita 400, shule zipangiwe zamu ya kuitumia, na timu nne bora za vijana zidumishwe pamoja miaka minne bila kuvunjwa baada ya kila mashindano. Wakongwe wa Stuttgart walio hai waalikwe kwenye mazoezi, si kwenye sherehe pekee. Na kabla vijana hawajaanza kukimbia, waambiwe majina.

Asati. Nyamau, ambaye kumbukumbu humwita mara Munyoro, mara Hezekiah, hata msomaji asiyejua akadhani ni watu wawili. Ouko. Sang, aliyefariki mwaka 2004. Mtoto atakayeyajua majina hayo hatakubali tena kuambiwa kwamba kasi si ya kwao. Ataligeuza shingo atazame nyuma, kama kanuni ya mbio zake inavyomtaka, na huenda akauona mkono ambao umekuwa ukinyooshwa kwake tangu mwaka 1972.